Uzi wa Kupimia Upepo

Mtaani mjomba wangu anaitwa Poda, na kwa jina hilo hakuna aliyemwonea. Amenyoa vichwa vya watu miaka thelathini na minne katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na ukikutana naye kwenye kona hata umefumba macho utajua ni yeye. Kwanza inakufikia spiriti, halafu sabuni ya povu, halafu poda yenyewe, ile ya kopo lenye picha ya mtoto mnene. Mjomba anafuata mwisho, nyuma ya harufu zake, kama bwana harusi nyuma ya wapambe. Sasa mtu wa namna hiyo, katika starehe zote zilizopo duniani, bao, mpira, redio, kulala, akachagua kuwinda.

Wasiojua hudhani mnyama wa porini anaogopa sura. Sura anaweza kuivumilia, hata ya mjomba, mradi usitikisike. Harufu haivumilii. Upepo ukitoka kwako ukaenda kwake, umeshamaliza kuwinda, kunja virago urudi nyumbani. Wenzake wawili, Dereva na Fundi Bomba, wananuka jasho na tumbaku kama binadamu wengine. Mjomba ananukia kama wodi ya wazazi. Siku mbili kabla ya kuingia porini hufunga duka, huoga maji matupu bila sabuni, na nguo zake za porini hulala nje kwenye kamba. Bado Fundi Bomba humwambia, "Wewe hata ukichemshwa, mchuzi utanukia poda."

Ndiyo maana kati ya wale watatu yeye ndiye aliyekuwa mtu wa upepo. Shabaha yake ilikuwa ya wastani, na goti la kushoto lilikuwa linalia kama bawaba. Lakini upepo aliujua, kwa sababu upepo ulikuwa na kisa naye binafsi.

Alianza vibaya. Msimu wake wa kwanza aliambiwa achukue kitu chepesi, akirushe hewani, aangalie kinakokwenda. Akachukua kilichokuwa karibu, yaani lile kopo. Mwezi mzima wakawa wanatambaa kwa magoti, mjomba anarusha poda, poda inaonyesha upepo vizuri kabisa, kisha inatua kwenye nyasi, kwenye mabega, kwenye kofia. Upepo ukigeuka kidogo tu, harufu ya siku nzima inageuka nao. Hawakuona hata mkia. Siku ya mwisho ya kibali Dereva alimtazama mgongoni, akauona mweupe kama unga, akasema, "Ndugu yangu, wewe hupimi upepo, unaupaka manukato."

Tangu hapo akahamia kwenye jivu. Na usidhani kila jivu linafaa. La mkaa lina chembe, linaanguka kama mchanga. La magunzi ya mahindi ni jeupe na jepesi. Alilichekecha mara mbili kwa soksi kuukuu ya nailoni ya mkewe, akalikaanga kwenye kikaango kikavu mpaka likaacha kushikana, akalimimina kwa karatasi iliyokunjwa ndani ya kichupa cha dawa ya macho, kile laini cha kubinya. Humo ndani aliweka ushanga mmoja wa kuvunja mabonge. Ukikibinya, linatoka wingu dogo kama ngumi, halina harufu, linakwenda zake na wewe unaangalia linakwenda wapi. Mtaa mzima ulijua: ukiumwa macho, ukimaliza dawa, kichupa kipeleke kwa Poda.

Jivu lina kasoro moja. Linakuonyesha upepo wa hapo ulipo, basi. Ukitaka kujua wa mbele, unahitaji sufi. Mjomba alipasua mto mmoja wa zamani, akatoa mbegu, akazichambua nyuzi kwa vidole mpaka kishungi kimoja kikawa hakina uzito hata kidogo, akazishindilia kwenye kikopo cha vidonge chenye tundu kwenye kifuniko. Unavuta kishungi, unakiachia, kinaelea hatua arobaini, hamsini, na pale upepo unapogeuka, kwenye mti au kwenye mwamba, nacho kinageuka, unakiona.

Mradi uwe unakiona.

Hapo ndipo ilipokuwa shida yake, na aliificha miaka miwili. Jicho la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu. La kushoto likafuata, polepole. Vya karibu, kidevu, sikio, ncha ya wembe, viko sawasawa. Vya mbali vikawa vinayeyuka pembezoni kama karatasi iliyomwagiwa maji. Dukani hakuna aliyejua, kwa kuwa kinyozi haangalii mbali. Porini ni habari nyingine. Wenzake wangejua, msimu ungekuwa umekwisha kwake: nani anataka kutembea kichakani mbele ya mtu asiyeona vizuri mwenye bunduki?

Aliyemgundua ni mkewe, na hakumgundua kwa macho. Alimgundua kwa droo. Siku moja alikuwa anasafisha droo iliyo chini ya kioo cha dukani, akatoa vipimo vyote vya upepo alivyovikuta humo, akavipanga mezani kimoja kimoja.

"Baba watoto, hebu njoo."

"Nina mteja."

"Mteja ameshakwenda dakika kumi. Njoo."

Akaja. Mkewe akaanza kuonyesha kwa kidole kama mwalimu wa hesabu. "Hiki kichupa cha jivu, cha miaka yote. Hii sufi, sawa. Huu unyoya wa kuku, uliufunga kwenye mtutu mwaka juzi. Huu uzi mwekundu wa sufu, mwaka jana. Na hiki hapa?"

Hiki kilikuwa kipande cha mfuko wa plastiki, chekundu, upana wa vidole viwili, urefu wa dhiraa moja.

"Cha upepo," mjomba akasema.

"Kila mwaka kinakuwa kikubwa. Mwakani utakwenda na shuka?"

"Upepo wa siku hizi hauna nguvu."

"Upepo, au jicho?"

Mjomba akakaa kwenye kiti cha wateja. Mkewe akamziba jicho la kushoto kwa kiganja, akajaribu kurudi nyuma hadi mlangoni, ikashindikana, maana kiganja kilibidi kibaki, na mkono wake si mrefu kiasi hicho. Akamwambia azibe mwenyewe. Kisha akasimama mlangoni.

"Vidole vingapi?"

"Umesimama kwenye mwanga."

"Nimekuuliza vidole."

"Vitatu."

Hakuwa ameinua hata kimoja. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika ufagio.

Hakumcheka. Angeweza, na angekuwa na haki. Alikuja akakaa kwenye benchi la kungojea zamu, akamwuliza tangu lini, akaambiwa. Akamwuliza kama wenzake wanajua.

"Nikisema, basi. Dereva hatakubali, na mimi ningekuwa yeye nisingekubali."

"Si uache tu? Kwani tutakufa njaa bila nyama ya pongo?"

"Sio nyama." Akapiga mkono wa kiti kwa kiganja. "Hapa kila anayekaa kwenye hiki kiti nalazimika kumsemesha. Mwaka mzima. Kule ndiko ninakonyamaza. Mwezi mmoja tu, mama watoto. Nimalizie msimu huu, halafu nitakwenda hospitali, kokote utakakosema."

Mkewe akakubali. Mkaza mjomba wangu ni mtu mgumu kuliko lami, lakini lile neno la kunyamaza lilimshika pabaya.

Sasa alikuwa na mwezi mmoja na hana kipimo cha upepo. Kinachohitaji kuonwa hakimsaidii tena. Akafikiri siku tatu huku ananyoa watu, mmoja akaondoka na para lisilo lake, na siku ya nne akaamka na jibu: kama hakionekani, basi kiguswe. Alifumua uzi mmoja wa hariri kutoka kitambaa cha kichwa cha mkewe (ugomvi wa hilo una hadithi yake), akaukata vipande viwili, kila kimoja akakifunga unyoya mdogo wa kifuani mwa kuku, akavining'iniza kwenye ukingo wa kofia, huku na huku. Uzi wa kulia ukigusa shavu la kulia, upepo unatoka kulia. Wa kushoto hivyo hivyo. Zote mbili zikilala mashavuni kwa pamoja, unatoka mbele. Zisipogusa kabisa, uko nyuma yako, na una tatizo.

Walikijaribu uani. Mjomba kasimama katikati, kafumba macho, mkewe anamzunguka na sinia anampepea. "Wapi?" "Kulia." "Sasa?" "Nyuma." "Sasa?" "Kushoto, na punguza, unanipa mafua." Alikosea mara moja tu.

Siku tatu kabla ya safari Dereva na Fundi Bomba walikuja dukani kupanga. Dereva ni mstaafu wa malori, mtu mpana, asiyesema sana, na pikapu ya safari ni yake. Fundi Bomba ni mwembamba, hafungi mdomo, hata akiwa chini ya sinki la mtu anapiga soga na mabomba. Mjomba akavaa kofia.

"Lahaula! Bibi harusi!" Fundi Bomba akapiga makofi. "Shela imeliwa na panya, zimebaki nyuzi mbili."

Dereva hakucheka. Akaivua kofia kichwani mwa mjomba, akaivaa, akatoka nje akasimama barabarani. Akageuka polepole, huku, na huku. Akarudi ndani.

"Nitengenezee na mimi."

"Na mimi!" akasema Fundi Bomba. "Lakini yangu iwe na nyuzi nne, mimi nina mashavu mengi."

Mjomba aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipotaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini fikiria: miaka yote wamemtania kwa poda yake, leo kwa mara ya kwanza Dereva anaomba kitu chake kwa heshima, tena bila kujua kwamba kitu chenyewe ni fimbo ya kipofu iliyofungwa kwenye kofia. Akameza. Akasema zitakuwa tayari kesho.

"Kikopo cha sufi nitakibeba mimi," Dereva akasema akiwa mlangoni. "Huu uzi ni mzuri, ila haujui mbele kuna nini."

Habari za porini nimezipata kwa Fundi Bomba, ambaye hutia chumvi hata kwenye chai, kwa hiyo nilizipeleka kwa mjomba akazichuja. Hiki ndicho kilichobaki.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kibali, asubuhi, jua bado changa. Walikuwa wanamtafuta pongo dume, mnyama wa vichakani, rangi ya kahawia, anayebweka kama mbwa akikushtukia. Walikwenda kwenye korongo lao la kila mwaka. Ni refu kama mtaa, upana wake malori mawili, vichaka pande zote, na katikati kuna jiwe jeupe kubwa kama jiko la nyumba. Mpango haubadiliki: Dereva anaingia juu, anateremka taratibu. Fundi Bomba anasimama ukingoni upande wa kulia. Mjomba anakaa chini, kwenye mdomo wa korongo, na bunduki. Na sheria yao ni moja tangu mwanzo, na aliyeitunga ni Dereva: yeye havuki jiwe. Akifika kwenye jiwe anasimama, anapiga mluzi mara mbili. Chochote kinachotokea chini ya jiwe kabla ya mluzi kina miguu minne.

Mjomba akakaa mahali pake. Nyuzi mbili zikalala mashavuni, laini, sawasawa. Upepo unatoka korongoni kuja kwake. Vizuri kabisa.

Kumbe huko juu mambo yalikuwa yanabadilika. Jua lilikuwa limeanza kupasha ukuta mmoja wa korongo. Dereva alipofika kwenye jiwe aliachia kishungi cha sufi. Kikateremka hatua kumi hivi, kikasimama hewani kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kikageuka, kikampita juu ya kichwa. Akaachia kingine. Vilevile. Maana yake upepo unageuka, na muda si mrefu harufu ya mjomba itapanda korongo lote. Inabidi mjomba ahame, apande ukingo wa kushoto. Mluzi hauwezi kusema hayo, kwa hiyo hakuupiga. Ukipiga kelele, umefukuza kila kitu. Dereva akapanda juu ya jiwe, akampungia mkono: ishara yao ya zamani, hama, kushoto. Mjomba alikuwa anamtazama moja kwa moja. Dereva akapunga tena. Akavua kofia akapunga kwa kofia. Mjomba kakaa pale pale, ametulia kama picha ya ukutani.

Dakika nzima. Kisha Dereva akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akashuka, akavuka jiwe, akaanza kunyata kwenda chini, amevaa koti lake la kahawia.

Wakati huo huo, ukingoni, Fundi Bomba akakohoa. Tumbaku. Na kati ya Dereva na mjomba, ndani ya kichaka, pongo akasimama.

Mjomba aliona kahawia. Hakuona zaidi ya hapo. Kwenye kijani kilichoyeyuka kilitokea kitu cha kahawia, urefu wa kifua, kinasogea, kinasimama, kinasogea. Mluzi haujapigwa. Kwa sheria, ni mnyama. Kitako cha bunduki kikaingia begani chenyewe, kidole kikafika kwenye kifyatulio, mambo ambayo mwili wake umeyafanya miaka ishirini bila kumwuliza. Akangoja kile kitu kiwe na kichwa. Hakikuwa na kichwa. Akangoja kiwe na miguu, minne au miwili, yoyote. Kilikuwa rangi tu. Na rangi ile ilikuwa inakuja kwake, na kila kilichomo ndani ya mjomba kilikuwa kinamwambia, sasa.

Akashusha mtutu. Akaivunja bunduki kwenye bawaba yake, ikafunguka, akatoa risasi zote mbili, akazitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

Kahawia ikapita. Hatua ishirini kutoka kwake, kwa maelezo ya Fundi Bomba, ambaye huko juu macho yalikuwa yamemtoka pima: dume, pembe kama miiko, anatembea bila haraka, "kama mteja aliyekuja kuuliza bei na kuondoka." Na kabla nyasi hazijatulia, mahali pale pale, kwenye njia ile ile, ikatokea kahawia nyingine. Hii ilikuwa inapumua kwa kelele.

Fundi Bomba aliteremka anatukana mizizi. "Poda! Ulikuwa umelala? Amekupitia puani!"

"Nini kimepita?" mjomba akauliza.

"Nini kimepi... Pongo! Pongo wa msimu! Baba wa pongo wote!"

Dereva alikuwa amefika, mikono kiunoni. "Bunduki imekwama?"

Angeweza kusema ndiyo. Bunduki yenyewe ni kuukuu, kila mtu angeamini, na Dereva alikuwa amemfungulia mlango kabisa, kazi ni kuingia tu. Fundi Bomba anaapa kwamba mjomba aliipapasa bunduki muda ambao mtu anaweza kuchemsha maji. Mjomba anasema haikuwa hata pumzi tatu.

"Haikukwama," akasema. "Niliona rangi ya kahawia. Sikujua kama ni mnyama au ni koti lako."

Dereva akaangalia mkono wa koti lake.

"Nimekupungia pale kwenye jiwe. Na kofia nikavua."

"Sikukuona."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka jana ulikaa hapa."

"Nilikaa."

"Na mimi nilikuwa kule."

"Ulikuwa kule."

Dereva akakaa chini, kwenye umande, mtu mzima na mwili wake wote. Kisha Dereva akainuka, akamnyang'anya mjomba bunduki, akaivunja, akaikuta tupu, akamtazama, akaitundika begani pamoja na yake. Wakatoka porini.

Ndani ya pikapu walikaa watatu kwenye kiti kimoja. Dereva alibadilisha gia kana kwamba gia ndiyo iliyomkosea. Walipofika, mjomba akashushwa, bunduki ikabaki kwenye gari.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, amesimama. Halafu akasema, "Na mimi nilijua." Hilo tu. Akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika chochote.

Dereva hakuonekana siku nane. Miaka ishirini alikuwa ananyolewa kila Jumapili, na Jumapili ile kiti kikakaa tupu saa yake nzima. Mjomba hakumkalisha mtu mwingine. Wateja wakaambiwa kiti kinakaguliwa.

Siku ya tisa aliingia, ndevu zimemjaa hadi machoni. Kwenye benchi nilikuwa nimekaa mimi na mzee mmoja mwenye gazeti. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti, akalaza kichwa nyuma.

"Wembe unauona?"

"Wa karibu naona. Cha mbali ndicho kinachonipotea."

"Nyoa, basi."

Mjomba akapaka povu. Hakumsemesha, na mtu wa pale kitini alikuwa wa kwanza mwaka ule kutosemeshwa. Shavu moja likaisha, la pili likaisha. Alipofika shingoni, Dereva akafungua mdomo.

"Siku nane nimekuwa nafikiri."

"Usiongee nikiwa shingoni."

"Ndipo ninapotaka kuongea." Mjomba akanyanyua wembe. "Mimi ndiye niliyevuka jiwe. Sheria yangu, nikaivunja mwenyewe. Pale chini angekaa mtu mwenye macho mazima, akaona kahawia haraka haraka, mluzi haujapigwa, angefyatua. Hana sababu ya kungoja. Anajiamini."

"Usinipambe. Mwaka jana nilikaa pale pale na risasi ndani."

"Sikupambi. Nimekukasirikia mpaka nimefuga ndevu."

Mzee wa gazeti akageuza ukurasa ambao alikuwa hajausoma.

"Ulivyokaa na mimi kwenye gari miaka miwili," Dereva akaendelea, sauti imeshuka, "unakula mkate wangu, huku unajua. Hilo ndilo linaloniuma. Hilo la pongo hata silikumbuki."

Mjomba akasema, "Niliogopa mtaniacha."

"Tungekuacha, ndiyo."

"Si umeona."

Povu lilikuwa limeanza kukauka shingoni. Mjomba akalilowesha tena kwa vidole, akamalizia, pole pole, chini ya koo kwenda juu.

"Yule muuza mkaa wa mtaa wetu alipasuliwa mtoto wa jicho," akasema akiwa anafuta wembe, "mpaka leo anashikwa mkono."

"Muuza mkaa alichelewa miaka kumi."

"Na kwangu wakikosea?"

Dereva akatikisa kichwa. "Sijui. Sina jibu zuri."

"Na bunduki?"

"Iko kwangu, imefungiwa. Ukitoka hospitali tutaipeleka wote wawili ofisi ya vibali, utawaeleza mwenyewe, wataandika watakachoandika. Huishiki tena mpaka daktari aseme na mimi niseme."

"Na wewe umekuwa daktari lini?"

"Mimi ndiye koti la kahawia."

Mjomba akachukua taulo, akamfuta. Dereva akasimama, akajipapasa, akajitazama kwenye kioo. Chini ya sikio la kushoto kilikuwa kimebaki kishungi cha ndevu, wazi kabisa, mimi nilikiona kutoka kwenye benchi na mzee alikiona juu ya gazeti lake. Dereva alikiona pia. Akavaa kofia.

"Jumatatu saa moja," akasema, na akatoka nacho.

Jumatatu saa moja pikapu ikasimama mlangoni. Mjomba alikuwa amekwisha kujiandaa, mfuko wa nguo mkononi, mkewe nyuma yake na chupa ya chai. Mlango wa abiria wa gari lile haufunguki kwa nje, umeharibika zamani, na mjomba analijua hilo kuliko mtu yeyote, amelipanda miaka ishirini. Asubuhi ile akashika kitasa, akavuta. Akavuta tena. Akasimama pale anavuta kitasa kibovu kana kwamba ndiyo kwanza amekutana nacho, na mkewe nyuma yake na Dereva ndani wakamwacha avute.

Mara ya tano akaacha. Dereva akainama, akaufungua kwa ndani.

"Panda. Hospitali wanaita kwa namba."

Akapanda.